Mji Usiotitia

Oliwka ndiye aliyeniwekea mchezo huu,
Jumapili moja, kati ya supu na keki.
"Babu, ardhi umeipima miaka thelathini na miwili,
sasa jenga kitu juu yake."
Akarudi kwao Poznań kwa treni ya jioni,
akaniacha na uwanda mtupu, mto mmoja,
na hazina iliyojaa.

Nami, Ginter, mpimaji wa migodi ya makaa,
niliyeujua kila ufa wa Bytom kwa jina la mtaa,
nikachora barabara yangu ya kwanza. Ikanyooka.
Nikachora ya pili. Hakuna aliyenidai muhuri.
Hakuna kamati, hakuna kikao cha Alhamisi,
hakuna shimo lililosahauliwa chini ya shule.
Nilichungulia huko chini: udongo, udongo tu,
mzima kama mkate usiokatwa.

Ni tamu, sikufichi.
Nyumba zinachipuka kama uyoga baada ya mvua,
inawaka taa ya kwanza, mara ya tatu,
lori la mikate linatokea nisikokujua,
watu mia wanahamia kwa ajili ya bustani
niliyoiweka saa nane usiku, nimevaa soksi moja.

Truda anapita na chai. "Bado unatawala?"
"Dakika tano tu."
Dakika tano za huku zinavutika kama mpira.

Maana mji nao una ukaidi wake.
Bomba la majitaka nililielekeza mtoni,
na la maji ya kunywa nikalichomeka papo hapo, chini yake kidogo,
mimi, mwenye cheti na medali ya kazi!
Mganga hajigangi, sawa,
lakini huyu aliwanywesha sumu mtaa mzima.
Nimejenga barabara ya njia sita, pana kama uwanja,
magari yote yamejipanga njia moja,
moja! kama kondoo mlangoni,
na gari la zimamoto liko nyuma yao, linangoja zamu kwa adabu
huku shule inateketea.
Wakazi wa kwanza niliwaingiza siku moja, wote rika moja;
kumbe na kufa wakafa wiki moja,
magari ya maiti hayakutosha,
kila paa likaota kialama cheusi.
Hapo nilizima mashine bila kuhifadhi,
nikaenda kumenya viazi.

Mwiba wenyewe hasa ni kipilefti cha kaskazini.
Kimeiva wekundu usiku na mchana, kama jipu.
Dawa yake naijua: kibarabara cha kuchepukia,
mita tisini, na nyumba moja tu katikati.
Nikaibofya. Kidirisha kikafunguka:
wakazi wanne, mbwa mmoja, afya njema,
"Tunapapenda hapa."

Kidole kikabaki hewani.

Mwaka ule, mtaani kwa dada yangu Hilda,
alikuja kijana wa manispaa na kalamu ya kubonyeza,
tak, tak, akiuliza idadi ya vyumba.
Karatasi aliyoishika ilikuwa na saini yangu.
Vipimo vilikuwa sahihi, hadi milimita.
Hilda alinimiminia kahawa, tukazungumza habari za mbwa.
Siku hizi anakaa ghorofa ya saba, upande wa pili wa reli,
na bado tunazungumza habari za mbwa,
ingawa mbwa alikwisha kufa.

Sikubomoa.
Nimeizungusha barabara mbali, nyuma ya kilima,
madaraja mawili, handaki, akiba yote.
Sasa nakopa ili niwalipe walimu,
na foleni ni ile ile, imehamia kusini tu.

"Ginter!"
Truda yuko jikoni, ameinua taa ukutani.
Ni kile kipande cha kioo nilichokigandisha juu ya ufa
mwezi wa tatu, kitupe habari ukitanuka.
Natafuta miwani, natafuta rula.
Nyuma yangu mji unaendelea kuhema,
sikuubonyeza usimame.